Fundi Bado na Hewa Isiyokwisha

Ijumaa hii, tarehe thelathini, kengele ya jioni ikilia, Fundi Bado atavua ovaroli ya karakana yetu baada ya kuivaa kwa miaka thelathini na minne. Si ovaroli ileile moja, jamani. Mimi wa stoo ndiye niliyekuwa nikimtolea mpya, na kila mara aliipokea shingo upande, akidai ya zamani bado ina maisha.

Meneja ameniomba niandike ukurasa huu wa ratiba ya kumuaga kwa sababu, alisema, mimi nina mdomo. Ni kweli ninao. Aliniomba pia niweke vichekesho, watu wasije wakalia mbele ya wageni. Vichekesho vipo na nitavitoa. Ila mwaka huu haukuwa wa kucheka, na anayetaka niandike kana kwamba ulikuwa, ampe kalamu mwingine.

Alianza kazi hapa kwa kukwangua rangi kuukuu kwenye matumbo ya boti. Baadaye akahamia kwenye injini, na huko hakudumu, maana alisema injini zina kelele na hazisikilizi mtu. Alipogusa usukani wa haidroliki kwa mara ya kwanza, basi, akawa amepata wake. Baadaye karakana ilimpa ofisi yenye meza na kiti. Kiti alikitoa nje, na meza akaijaza mipira ya kupitishia mafuta mpaka mimi nikahesabu ofisi ile kuwa tawi la stoo yangu.

Kwa wageni wetu wanaozijua boti kwa kuzipanda tu, nieleze kidogo. Usukani wa haidroliki hauna kamba wala mnyororo. Nahodha akiuzungusha, pampu iliyo nyuma yake inasukuma mafuta ndani ya mipira miwili mpaka mwisho wa boti, na kule silinda inalisukuma bapa lililo chini ya maji. Mafuta yakiwa peke yake humo ndani, boti inatii. Hewa ikiingia, hata kidogo, usukani unakuwa laini kama godoro, na boti inayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Kwa hiyo hewa lazima itolewe yote. Mmoja anakaa mbele na kuzungusha usukani polepole, wa pili anachuchumaa nyuma kwenye silinda, ameshika kimpira cheupe kinachomimina kwenye chupa, anatazama mapovu.

Aliyechuchumaa nyuma siku zote alikuwa yeye, na jina lake lilitokea huko. Mwenye boti anapiga kelele gatini, vipi, tayari? Sauti inatoka chini kwa chini: “Bado.” Meneja anatuma mtu: bado. Chai imemiminwa, inapoa: bado. Mwanasheria mmoja mwenye haraka zake aliapa kwamba hata siku ya kiyama, fundi huyu akiitwa jina lake, atajibu bado. Tulicheka sana. Lakini boti ya mwanasheria haikurudi kwetu kwa tatizo la usukani, wala ya mtu mwingine yeyote aliyeambiwa bado na mtu huyu.

Halafu zikaja otopailoti, vile vifaa vinavyoshika njia vyenyewe nahodha akishavielekeza. Cha kwanza kilifungwa na fundi wetu pamoja na msimamizi, na siku ya majaribio meneja wa wakati ule alipanda boti akiwa na suti na wageni wake. Fundi Bado akabonyeza boti iende kulia. Ikaenda kushoto. Akabonyeza zaidi kulia, ikazidi kushoto, na ikazunguka mbele ya gati zima kama mbuzi aliyefungwa kambani, meneja akiwa ameshikilia tai yake. Kumbe waya mbili za pampu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Alizirudisha mahali pake huku akisema kifaa hakina kosa, ndivyo sisi tulivyokifundisha. Tangu hapo kila boti aliijaribu akiwa ameifunga gatini kwanza, na kila aliyejifunza kazi kwake alirithi tabia hiyo.

Na kile kisa cha kikaango mnakijua, lakini wageni hawakijui. Nahodha mmoja alikuja na malalamiko kwamba otopailoti yake inapotea siku nzima, isipokuwa saa za kula. Saa za kula inanyooka. Mafundi wawili walishapima kila waya. Fundi Bado alipanda boti, akauliza kinapikwa nini, akapewa sahani, akala. Alipomaliza alimfuata mpishi kwa macho, akamwona akikiosha kikaango kikubwa cha chuma na kukirudisha kwenye kabati, na upande wa pili wa ubao wa kabati lile ndipo dira ya kifaa ilipofungwa. Chuma kilikuwa kinaivuta dira kila kikaango kilipokuwa hakiko motoni. Nahodha alinunua kikaango cha aluminiamu, na mpishi akanuna.

Jambo moja huwashtua wote wanaotumia kifaa hiki kwa mara ya kwanza. Kwenye haidroliki, otopailoti inapogeuza boti, usukani wenyewe hausogei. Mafuta yanapita njia ya pili. Unaona ufuko unahama mbele yako, na gurudumu limetulia tu. Watu wazima wamerukia usukani wakipiga yowe. Fundi Bado alikuwa akiwashika mikono kwa upole na kuiweka mapajani mwao, na kuwaambia wapumzike, wameajiri mtu. Mikono ya watu wengi imepumzika kwa sababu yake. Ya kwake haikuwahi.

Sasa nifike pale ambapo meneja angependa nipite haraka.

Siwezi kumwandika fundi huyu nikamruka mkewe. Nyote mmekalia kazi ya mikono yake. Makava ya viti vya boti zetu, maturubai, mapazia ya vyumba vya nahodha, alivishona yeye kwenye chumba kile chenye dirisha linalotazama gati. Mume alianza kuniita dada wiki yangu ya kwanza hapa, basi mimi nikamwita mke wifi, na wifi alinifanyia uwifi kamili. Kila nilipokwenda kwao aliuliza nimemletea nini kaka yangu, au nimekuja tu kukagua kama amekonda. Mungu hakuwajalia watoto. Walikuwa wakitaniana asubuhi mpaka jioni, na lalamiko kubwa la wifi lilikuwa kwamba ameolewa na mtu asiyejua kukaa. Viti vinne vya sebuleni alivishonea makava mazuri ajabu, na mumewe hakukalia hata kimoja zaidi ya muda wa kikombe cha chai. Mara bawaba inalia, mara koki inavuja.

Walikuwa na boti yao. Waliinunua ikiwa gofu, wakaifufua kwa siku za mapumziko, yeye akiifungia usukani wa haidroliki kutoka kwenye boti iliyovunjwa, mkewe akiishonea kila kitu kinachoshoneka. Mpango ulikuwa kwamba akistaafu wataondoka polepole, wapite kila gati ambalo aliwahi kulipelekea boti. Tarehe thelathini waliisubiri wote wawili.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, wifi alianguka kwenye chumba chake cha kushonea, mkasi mkononi. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, mdomo ukapinda. Alipoanza kupata nafuu kikamrudia, na daktari akawaambia wote wawili, bila kuzunguka, kwamba cha tatu hakitamwacha. Wifi akamwomba mumewe jambo moja. Amvushe maji ampeleke kwenye nyumba aliyozaliwa, kwa mdogo wake wa kike, akamalizie huko, alazwe jirani na mama yao. Alilisema bila kulia, kama mtu anayeomba ahamishiwe chumba kingine. Mume akakubali. Angefanyaje?

Barabara ya kuzunguka ina mashimo, mwili wake usingeyaweza. Kivuko kimejaa watu, na mwanamke huyu, aliyejipamba hata kwa kwenda kununua sindano, hakutaka macho ya watu yamwone akifutwa mate. Sisi tulijitolea kuwaendeshea boti yao, maana nusu ya karakana ina leseni. Akakataa. Alitaka kwenda na mumewe, wawili tu. Shida ni kwamba hakuweza tena kukaa bila kushikwa, aliangukia upande. Na mtu hawezi kushika usukani na kumshika mkewe kwa wakati mmoja. Karakana ikampa Fundi Bado otopailoti, zawadi yake ya kustaafu iliyotangulia siku yake, na hakuna aliyelazimika kueleza ni ya nini.

Kazi ile kwake ni ya siku mbili tatu. Pampu ndogo ya umeme aliifunga siku ya kwanza, akaiunganisha kwenye mipira yote miwili. Dira akaiweka mbali na kila chuma. Waya akazipanga zikanyooka kama mshono wa mkewe. Boti ilifungwa gatini, ikajaribiwa, kulia ikaenda kulia. Ikabaki kutoa hewa.

Wiki ikapita. Tunauliza, bado. Wiki nyingine ikaanza, bado. Tulipokezana kumshikia usukani: fundi wa injini, mpiga rangi, msimamizi mwenyewe. Kila aliyekwenda alirudi akanywa chai yake bila stori. Maana kila aliyeushika alijua. Usukani ule ulikuwa mgumu sawasawa, ukifika mwisho unasimama hapo hapo, haurudi nyuma hata kidogo. Mafuta kwenye chupa yalikuwa safi, unaona upande wa pili. Hewa haikuwamo. Lakini nani amwambie Fundi Bado kwamba hewa hakuna? Miaka yote hii tulimwamini yeye kuliko macho yetu.

Na tulielewa, ingawa hakuna aliyetamka. Boti ikiwa tayari, safari ipo. Safari ikiwapo, amekubali mkewe akafe. Basi boti haikuwa tayari. Nani angemlaumu? Mimi sikumlaumu, na mnajua nilivyo mwepesi wa kulaumu.

Tatizo ni kwamba wakati huo wifi alikuwa anapungua. Maneno yalianza kumponyoka. Aliita ufagio mkasi, akamwita jirani aliyekuwa akimwuguza mchana kwa jina la marehemu mama yake. Siku moja jirani huyo alikuja stoo akaniambia naitwa. Nilimkuta wifi kwenye kiti cha dirishani, amefungwa kitambaa cha kichwa kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingekifunga. Aliniuliza, neno moja moja, kama kwenye ile mipira bado kuna hewa.  Nikamwambia hakuna, wifi, imekwisha siku nyingi. Akafumba macho. Kisha akanituma. Nimwambie kaka yangu kwamba jana alilitafuta jina la mdogo wake tangu asubuhi, akalipata jua likiwa limeshageuka. Nimwambie amfikishe akiwa bado analo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye boti. Alikuwa amechuchumaa kule nyuma, chupa miguuni. Nilikaa kwenye usukani, nikauzungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, naye akatazama kimpira chake. Hakikupita povu. Ndipo nikampa ujumbe kama nilivyopewa, bila kupunguza. Hakuinua kichwa. Alichukua tambara akafuta nati ya silinda, akaifuta tena, akaifuta mpaka nikashindwa kuvumilia nikalia, na yeye akaniacha nilie. Halafu akaikaza nati kwa spana, taratibu, akachomoa kile kimpira cheupe, akakikunja.

“Imekwisha,” akasema. Tangu nimfahamu nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake.

Waliondoka asubuhi iliyofuata, maji yakiwa yametulia. Kwa kuheshimu alivyotaka wifi, hakuna aliyekwenda gatini. Tulibaki karakana tukijifanya tunafanya kazi. Msimamizi alipiga tupa kipande cha chuma ambacho hakikuhitaji tupa, akakimaliza chote. Kutoka mlangoni tuliona kwa mbali kitambaa cha kichwa, cha rangi ya chungwa, safari hii kimefungwa vizuri. Jirani anasema alikifunga mume, na alielekezwa na kukemewa mpaka kikakaa sawa.

Yaliyotokea majini alinisimulia baadaye, kidogo kidogo, kila alipokuja stoo kuchukua kitu ambacho hakukihitaji. Walipotoka nje ya maboya alielekeza boti kwenye mlima wa ng'ambo, akabonyeza, akauachia usukani. Akaenda nyuma, akakaa kwenye benchi, akamweka mkewe kifuani na kumzungushia mikono yote miwili. Wifi akautazama usukani ukiwa hauna mtu, boti inakwenda, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Akasema, “Kumbe na wewe unaweza kukaa.”  Alimkanda ule mkono uliokufa njia nzima. Alinieleza kwamba hakuinuka hata mara moja kukagua pampu, na mimi niliyemjua nikaona hilo ndilo la ajabu kuliko yote.

Mdogo mtu alikuwa anasubiri gatini. Wifi alimwona kutoka mbali, akamwita. Hakumwita kwa jina la ukubwani. Alimwita kwa lile la utotoni ambalo hata mumewe alikuwa hajawahi kulisikia, na mdogo wake akaingia majini na nguo zake, hakungoja boti ifungwe.

Fundi Bado alichukua likizo yake yote akabaki kule. Mwezi haukuisha. Wifi yangu alikufa asubuhi, mumewe akiwa kando ya kitanda, akalazwa kando ya mama yake, na sisi tulivuka na boti tatu kwenda kumzika. Chumba cha kushonea kimefungwa. Nimepita mlangoni kwake mara nyingi kwa mazoea nikiwa na roli za turubai mkononi, na kila mara nimegeuka.

Mambo aliyoiachia karakana hii ni mengi, nami nitaje machache, maana sherehe ni sherehe. Karibu kila fundi wa usukani tuliye naye alifundishwa na yeye. Kila boti iliyotoka hapa na otopailoti ilijaribiwa kwa utaratibu wake. Hakuna fundi wake aliyewahi kuumia kazini. Katika miaka yote ya kugombana na mimi juu ya matambara ya kufutia, hakuwahi kunijibu neno baya, jambo ambalo wenzake wengi hawawezi kujisifia. Kwa hayo yote tunamshukuru, na kwa ile subira yake ambayo tuliifanyia mzaha huku ikitulisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijalisema, na bila hilo ningekuwa nimewadanganya. Baada ya maziko alirudi peke yake kwa boti yao. Shemeji yake, yule mdogo wa wifi, alisimama gatini kumtazama, akitegemea kuona boti ikinyooka kama ilivyokuja. Haikunyooka. Iliyumba kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikapotea machoni. Shemeji akaingiwa na hofu, akatupigia simu karakana kwamba kifaa kimeharibika katikati ya maji. Msimamizi alimpokea fundi wetu huku gatini akiwa na sanduku la vifaa tayari. Fundi Bado alimwambia arudishe sanduku, kifaa ni kizima. Alikizima mwenyewe. Alisema alikaa kwenye lile benchi, boti ikawa inajiendea, na mikono yake ikawa haina kitu, akashindwa. Akaenda kushika usukani.

Kaka, tumesikia. Hatutakuambia kwamba utazoea, maana hatujui. Nenda na baraka zetu, ule vizuri, ulale, na shemeji yako umvukie mara kwa mara, naye amebaki peke yake. Tunakutakia siku nyepesi kuliko hizi. Na asubuhi yoyote ambayo mikono itakosa cha kushika, usibaki nyumbani. Njoo. Kuna mtu siku zote anahitaji wa kumzungushia usukani.